Kinasa data cha ajali ya gari: namba zake zinasema nini

Kinasa data cha ajali kwa kawaida ni kumbukumbu iliyo ndani ya kompyuta ya airbagi. Chini ya kanuni ya Marekani iliyozoeleka, huhifadhi sekunde 5 za kabla ya mgongano: kasi, akselereta na breki, vikipimwa mara 2 kwa sekunde. Hakinasi sauti wala picha.

Namba inayosomwa vibaya kuliko zote ni delta-V. Hiyo si kasi ya kugonga. Ni badiliko la kasi lililosababishwa na mgongano. Gari likigonga kwa 60 km/h gari jingine la uzito uleule lililosimama, yote mawili huondoka kwa karibu 30 km/h, na kila moja huandika delta-V ya kama 30. Anayeripoti "alikuwa anakwenda 30" ametaja nusu tu ya kasi halisi.

Kasi ya kabla ya mgongano nayo hutokana na mzunguko wa magurudumu au giaboksi, si mwendo wa gari juu ya barabara. Tuseme jedwali la data ya kinasa linaonyesha 80 km/h, kisha nusu sekunde baadaye 50, breki ikiwa imekanyagwa. Piga hesabu: hiyo ni takribani 1.7 g (mara 1.7 ya mvuto wa dunia), ilhali tairi za kawaida kwenye lami kavu hutoa kama 0.7 hadi 0.8 g. Haiwezekani. Magurudumu yalikuwa yanaserereka, na kasi halisi ilikuwa karibu na 67. Tairi za saizi isiyo ya kiwandani nazo hupotosha namba, ila kwa uwiano unaopimika.

Breki huandikwa imekanyagwa au haijakanyagwa tu. Nguvu ya mguu haimo. Halafu sekunde sifuri ya jedwali ni pale kompyuta ilipohisi mshtuko, si lazima pale vyuma vilipogusana, na kipimo cha mwisho huenda kilichukuliwa karibu nusu sekunde kabla. Kwa 90 km/h, hizo ni mita 12.5 zisizo na kipimo chochote. Zijaze kwa alama za tairi na ubonyeo wa bodi, usizikisie.

Umeme ukikatika katikati ya mgongano, rekodi hubaki pungufu. Sifuri zilizojaa kwenye jedwali la namna hiyo si ushahidi kwamba gari lilisimama. Tena, linganisha hesabu ya kuwashwa kwa swichi ya gari wakati wa tukio na wakati wa kunakili data. Tofauti ya 1 au 2 ni ya kawaida, kwani kunakili kwenyewe huweza kuhitaji swichi iwashwe. Ikiwa 300, tukio hilo ni la zamani, si la ajali unayoichunguza.