Nunua mtambo, si kasha: saa nafuu ya mfukoni ya kutembea nayo kila siku

Mtu anayetafuta saa ya kale ya mfukoni kwa bei nafuu hutazama kasha kwanza: kama linang'aa, kama lina nakshi, kama ni dhahabu. Mimi, kwa kuwa kazi yangu ni kuzitengeneza, hulitazama mwisho. Katika biashara ya saa ya Marekani, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, kiwanda cha saa kwa kawaida kiliuza mtambo, yaani mashine ya ndani, peke yake, kampuni nyingine zikatengeneza makasha, na mnunuzi akachagua vyote viwili dukani kwa sonara kwa kadiri ya uwezo wake. Ndiyo maana mtambo mzuri sana unaweza kukutwa ndani ya kasha la nikeli lililochakaa, na mtambo hafifu ukakutwa ndani ya kasha la kupendeza. Ndiyo maana pia namba inayokuwezesha kujua umri wa saa ni ile iliyochongwa juu ya mtambo, wala si ile iliyo ndani ya kifuniko.

Kwa anayeanza, mimi humwelekeza kwenye Elgin au Waltham. Kampuni ya Elgin, ya jimbo la Illinois, ilianzishwa mwaka 1864, na hadi ilipoacha kutengeneza saa katika miaka ya 1960 ilikuwa imetoa mitambo ipatayo milioni 60. Waltham ya Massachusetts ilitangulia katika kutengeneza sehemu za saa kwa mashine, ili kipuri cha mtambo mmoja kiweze kuingia katika mwingine wa aina ile ile. Wingi huo ndio unaoshusha bei leo, na ndio unaotuwezesha kununua saa iliyokufa ili tuitoe spea. Saa za Ingersoll zilizouzwa kwa dola 1 kuanzia miaka ya 1890 zina historia tamu, lakini mitambo yake haina vito, yaani vijiwe vigumu vinavyoshika ncha za magurudumu, na haikukusudiwa kufunguliwa na kusafishwa mara kwa mara, ziweke kabatini. Tafuta mtambo wenye vito 15 au 17, kwa sababu ncha za magurudumu yanayozunguka kwa kasi hukaa ndani ya yakuti, na yakuti hailiki upesi kama shaba.

Neno la muuzaji ninalolihofia kuliko yote ni "inafanya kazi". Saa yangu ya kila siku, Elgin ya miaka ya 1920 yenye kipimo cha 12, yaani mtambo wa kipenyo cha karibu milimita 40, iliuzwa kwa neno hilo, na kweli ilikuwa ikigonga. Ila gurudumu la mizani, lile linaloyumba huku na huku na kuipa saa mwendo wake, lilikuwa likijivuta kama mtu aliyeamshwa kabla ya alfajiri. Tangu siku hiyo huomba video ya mtambo ukiwa wazi, uso wa saa ukielekea juu, kisha ukielekea chini. Mizani ikichangamka upande mmoja na kulegea upande wa pili, huenda ncha moja ya ekseli yake imepinda au imevunjika. Saa hizi hazina kinga ya mshtuko, na ekseli ya mizani ina ncha nyembamba kuliko unywele, hivyo kuanguka mara moja sakafuni hutosha. Kubadilisha ekseli kunahitaji mashine ya kukereza na mkono uliozoea, na gharama yake yaweza kuzidi bei ya saa nzima. Uchafu haunitishi, kutu na ekseli iliyovunjika hunitisha.

Kuna makosa mawili ambayo si ya saa bali ya mnunuzi. La kwanza ni kuvuta kwa nguvu kifundo cha juu ili kusogeza mishale, kumbe saa ni ya aina iliyopendelewa na kampuni za reli, ambayo hupangwa kwa kufungua kioo na kuvuta kiwiko kidogo kilichofichwa pembeni mwa uso. La pili ni kudhani kwamba mtambo usio na kasha umeharibika kwa sababu haukubali kutiwa ufunguo: mitambo mingi ya Kimarekani, ikitolewa kwenye kasha, hujiweka yenyewe katika hali ya kupanga mishale.

Kabla ya kulegeza skrubu yoyote, nguvu ya kamani kuu, yaani utepe wa chuma uliojikunja unaoiendesha saa, lazima iachiliwe polepole, la sivyo itajiachia yenyewe na kuvunja meno ya magurudumu. Baada ya hapo niliifungua Elgin yangu yote, nikaosha bamba na magurudumu kwa benzini, na kuzungusha kijiti kilichochongwa ncha ndani ya kila tundu la kito hadi kikatoka kikiwa safi. Anayependa kutumia spiriti na ajihadhari, kwa sababu vijiwe vya uma (kipande kidogo kinachoisukuma mizani) na kile cha mizani vimeshikizwa kwa lakiri, na spiriti huiyeyusha. Kamani ya zamani ya chuma cha buluu ilikuwa imechoka kabisa. Ilipotolewa haikufunguka, ikabaki imejikunja kama konokono. Niliweka mpya ya aloi nyeupe. Mafuta huwekwa tone dogo sana kwenye ncha za magurudumu, nami huziacha kavu ncha za uma, kwani mafuta hapo huipunguzia mizani nguvu. Uso wa kauri niliufuta kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Ungekuwa wa fedha nisingeugusa, maana tarakimu zake hutoka pamoja na uchafu.

Kasha nimeliacha lilivyo. Shaba imeanza kuonekana ukingoni, mahali ambapo utando wa dhahabu umelika, na mchongo wa ndani ulioahidi kwamba utando huo utadumu miaka 20 umekwisha muda wake zamani.

Huitia ufunguo kila asubuhi hadi kifundo kikatae. Wengi huogopa kwamba saa "imejazwa kupita kiasi", lakini kamani iliyojaa haisimamishi saa. Kinachoisimamisha ni mafuta yaliyoganda. Hukaa katika mfuko wake peke yake, bila sarafu wala funguo, na mbali na simu, kwa sababu sumaku za spika hugandamanisha mizunguko ya kamani ya mizani, ule uzi mwembamba wa chuma unaoirudisha mizani, na saa ikaanza kukimbia kwa dakika nyingi. Mfuko mdogo ulio ndani ya mfuko wa kulia wa jinzi ulishonwa kwa ajili ya saa, na kipimo cha 12 katika kasha jembamba huingia humo kwa taabu kidogo. Mnyororo nimeufunga kwenye kitanzi cha mkanda.

Wiki ya kwanza ilitangulia kwa dakika tatu kwa siku. Niliusogeza mkono wa kurekebisha kutoka F (haraka) kuelekea S (polepole) kwa kiasi kisichofikia unene wa ukucha, nikasubiri siku mbili, nikausogeza tena. Usiku huitundika kwenye msumari, wima kama inavyokaa mfukoni, kwa sababu ikilala chali mwendo wake hubadilika. Sasa hupoteza kama nusu dakika kwa siku.