Konokono wa milimita tatu katika misitu ya milima ya Mpwapwa

Misitu ya juu ya milima ya Rubeho, kama Mang'alisa, ni visiwa katikati ya nyika. Konokono wa msituni hawezi kuvuka ukame ule, na ndiyo maana milima ya Tao la Mashariki, ikiwemo Rubeho, ina spishi nyingi zisizopatikana kwingine. Wengi hawafiki milimita 5, kwa hiyo anayewatafuta kwa macho matupu hurudi akisema msitu ule hauna kitu.

Kibali cha utafiti cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) na ruhusa ya wenye msitu vikishapatikana, pima eneo la mita 20 kwa 20. Tafuta kwanza kwa mkono, saa nzima, chini ya magogo na kwenye magome yaliyooza. Hapo ndipo unapopata walio hai. Kisha jaza mfuko wa kitambaa lita 4 za majani yaliyooza, ukichota kidogo kidogo sehemu nyingi. Mfuko wa plastiki huleta ukungu na uvundo.

Majani yenye unyevu hayachekecheki: konokono hunata kwenye jani na matundu huziba. Yaanike, ila usithubutu uani. Upepo wa Dodoma wa Julai na Agosti hauachi gamba tupu la milimita 2 mahali pake. Tandaza magazeti chumbani, ugeuze kila siku mpaka yakauke kabisa.

Chekecha kwa chujio la matundu ya milimita 5, kisha la 2, kisha la 0.5. Kinachobaki juu ya lile la mwisho ndicho chenye mali. Kimwage kijiko kimoja kimoja kwenye sinia jeupe, uchambue kwa lenzi na brashi yenye maji. Chujio la chai linasaidia ukikosa la 0.5, lakini wadogo kabisa watapita.

Gamba jembamba lenye vijino mdomoni huenda ni Gulella, mla konokono wenzake. Vijino hivyo ni sehemu ya gamba, havitafuni. Hesabu idadi yake na mahali vilipo, kwani ndivyo vinavyotenganisha spishi. Gamba la mtoto, lenye ukingo mwembamba wa mdomo, usilipe jina.

Walio hai wazamishe usiku kucha kwenye chupa iliyojaa maji pomoni, mwili utoke nje, kisha wahifadhi kwenye ethanoli (alkoholi) ya asilimia 70 hadi 80. Wa kuchunguzwa vinasaba (DNA) waingie moja kwa moja kwenye ya 96. Fomalini achana nayo, asidi yake hula gamba. Lebo iandikwe kwa penseli na ikae ndani ya chupa. Wino wa kalamu ya kawaida huyeyuka kwenye ethanoli, na konokono asiyejulikana alikotoka hana kazi.