Shoti ya mashine ya kopi na mshahara wa muuza steshenari

Saa mbili usiku, shata moja imeshashushwa. Unasoma kaunta ya mashine: asubuhi ilikuwa 48,210, sasa ni 48,655. Kopi 445 kwa shilingi mia moja, droo iwe na 44,500. Ina 41,300, yaani shoti ya 3,200. Kopi 32 zinazokosekana zimo kwenye boksi chini ya meza: karatasi zilizojikunja, nyingine zimetoka na mstari mweusi kwa sababu ya tona. Kaunta haijui kopi mbovu, inahesabu kila karatasi iliyopita. Nimefanya kazi hiyo miaka miwili Morogoro, na kila mwisho wa mwezi nilikatwa nikiamini ndivyo kazi ilivyo.

"Shoti ni ya aliyekaa dukani."

Hii ndiyo dhana inayowaumiza wengi kuliko zote. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, hairuhusu mwajiri kukata hasara kwenye mshahara kwa neno lake tu. Lazima hasara iwe imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi mwenyewe. Lazima aandikiwe chanzo chake, kiasi na jinsi kilivyopigiwa hesabu, tena apewe nafasi ya kupinga. Na hata kosa likithibitika, makato yasizidi robo ya mshahara wake wa fedha. Sasa mashine inayotafuna karatasi kwa kukosa fundi ni kosa la nani? Na kikombe cha zawadi kilichofika na ufa kutoka Kariakoo? Yule binti wa dukani hakukifunga yeye kwenye boksi.

"Duka dogo halihusiki na kima cha chini."

Linahusika. Amri ya mishahara ya sekta binafsi haichagui duka la fremu moja na duka la ghorofa. Biashara ziliwekewa shilingi 115,000 kwa mwezi kuanzia Julai 2013, zikakaa hapo hadi Januari 2023 ilipopanda kuwa 150,000. Zaidi ya miaka tisa, nyongeza ya 35,000! Amri iliyofuata, ya Januari 2026, imepandisha wastani wa kima cha chini cha sekta binafsi kwa asilimia 33.4. Kwa hiyo anayelipwa leo 100,000 "kwa kuwa anakula hapahapa" yuko chini hata ya kiwango cha mwaka 2013.

"Kukaa hadi usiku ni kujituma."

Tupige hesabu. Wiki ya kazi ya kawaida ni saa 45. Muuza steshenari anafungua saa mbili asubuhi na kufunga saa mbili usiku, siku sita. Toa saa moja ya kula kila siku, zinabaki saa 66. Saa 21 ni za ziada, na kila moja inalipwa mara moja na nusu. Kwa ile 150,000, saa ya kawaida ni kama shilingi 769, ya ziada kama 1,154. Kwa wiki moja hiyo ni zaidi ya 24,000 ambayo haikulipwa. Isitoshe, sheria inaruhusu saa za ziada 50 tu kwa wiki nne, na hapa zimefika 84. Januari shule zinapofunguliwa, foleni ya wazazi wenye orodha za madaftari huanza kabla hata hujafuta vumbi, basi huzidi hapo.

"Hujasaini mkataba, huna cha kudai."

Kumwandikia mfanyakazi masharti ya kazi ni wajibu wa mwajiri. Asipoweza kuyaonyesha kwenye shauri, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha yanayodaiwa ni wake. Na anayefanya kazi kwa kupangiwa muda na kusimamiwa na bosi anachukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo, hata akiitwa "kijana wa kunisaidia".

Mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, nao si hisani: ni asilimia 20 ya mshahara, na mfanyakazi hakatwi zaidi ya nusu ya mchango huo.

Madai ya mshahara au makato hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 60 tangu mgogoro uanze. Ukiachishwa kazi, una siku 30 tu. Mimi nilichelewa, na sikuwa na karatasi hata moja. Nunua daftari la kurasa 96 hapohapo dukani. Kila jioni andika kaunta ya asubuhi, kaunta ya jioni, kopi mbovu ngapi, na saa uliyofunga shata.