Je, wajua kwa nini makocha wengi wakubwa wa soka walikuwa viungo, yaani wachezaji wa katikati?

Shabiki wa Arsenal akimsifu Mikel Arteta, wa Manchester City akimsifu Pep Guardiola, na wa Real Madrid akiwakumbuka Zinedine Zidane na Carlo Ancelotti, mazungumzo kijiweni huishia palepale: "Unashangaa nini? Si alikuwa kiungo yule!" Straika anawaza goli, beki anawaza kuondoa hatari, kiungo ndiye anayewaza mpira. Watu wanaobishana hata juu ya kona iliyopigwa juzi hukubaliana katika hili bila kuulizana ushahidi.

Ushahidi upo, na kwa macho ya haraka unatisha. Chukua Ligi ya Mabingwa Ulaya kuanzia fainali ya 2011 hadi ya 2025. Ni makombe 15. Guardiola alichukua 2011 na 2023, Roberto Di Matteo 2012, Ancelotti 2014, 2022 na 2024, Luis Enrique 2015 na 2025, Zidane mara tatu mfululizo 2016 hadi 2018, na Hansi Flick 2020. Wote hao walicheza kiungo. Makombe 12 kati ya 15! Yaliyobaki ni ya Jupp Heynckes, aliyekuwa straika, Jürgen Klopp, aliyeanza mbele akamalizia beki wa kulia, na Thomas Tuchel, beki. Mtu akikuwekea hesabu hiyo mezani, utamlipia chai.

Ila usitoe hela bado. Ukihesabu watu badala ya makombe, 12 inageuka kuwa watu sita, kati ya makocha tisa tu. Zidane peke yake ana matatu na Ancelotti ana matatu. Makombe hayo sita hayatuambii habari za viungo kwa ujumla, yanatuambia habari za Zidane na Ancelotti, na pengine habari za kikosi cha Real Madrid. Kisha muulize mtu aliyemwona Luis Enrique akicheza alikuwa namba ngapi. Atakuna kichwa, maana alicheza pembeni, alicheza mbele, alicheza katikati. Ukimhamishia kwa washambuliaji, wanabaki watano kwa tisa.

Na watano au sita kwa tisa si ajabu kama inavyosikika. Toa kipa, uwanjani wanabaki kumi. Kati ya hao, viungo ni watatu, wanne, hata watano, kutegemea mfumo. Kwa hiyo hata makocha wangechaguliwa kwa kura ya vijiti, watatu au wanne kati ya hao tisa wangekuwa viungo kwa sababu tu viungo ni wengi. Kilichozidi hapo ni mtu mmoja, wawili, au watatu. Kinaweza kuwa na maana, kinaweza kuwa bahati, na kwa kundi la watu tisa huwezi kuapa.

Halafu kuna wanaosahaulika kila hoja hii inapoanza. Alex Ferguson, mwenye mataji 13 ya ligi ya Uingereza akiwa Manchester United, alikuwa straika. José Mourinho hakufika popote kama mchezaji, na alitua Barcelona akiwa mkalimani wa kocha Bobby Robson. Arrigo Sacchi hakuwahi kucheza soka la kulipwa kabisa. Alikuwa akifanya kazi katika biashara ya viatu ya baba yake kabla ya kuifundisha AC Milan iliyotwaa Kombe la Ulaya, jina la zamani la Ligi ya Mabingwa, mara mbili, 1989 na 1990. Ndani ya Milan ile alikuwemo kiungo mmoja aitwaye Carlo Ancelotti, akipokea maelekezo kutoka kwa muuza viatu.

Basi hoja ya kijiweni itupwe? Hapana. Kuna kitu kimoja ambacho viungo hukifanya kweli zaidi ya wengine, na kinapimika. Hutupa jicho.

Mtafiti wa Norway, Geir Jordet, alifanya jambo ambalo kamera ya televisheni hailifanyi: hakuufuata mpira, alimfuata mchezaji kabla mpira haujamfikia, akahesabu ni mara ngapi anageuza kichwa kuangalia yaliyo nyuma na pembeni yake. Viungo wa England, Frank Lampard na Steven Gerrard, walitupa jicho kama mara sita katika sekunde kumi. Xavi Hernández, kiungo wa Barcelona, alizidi mara nane. Yaani karibu kila sekunde shingo imezunguka. Ukimwangalia Xavi kwenye video za enzi zile bila kuujali mpira, anafanana na mtu anayedaiwa, anayehofia mwenye deni lake yuko nyuma.

Ili kuelewa faida yake, mfikirie dereva wa daladala katika foleni ya Kariakoo anayetaka kuhama njia. Dereva mgeni huangalia kioo wakati ameshaanza kukata usukani. Anachokiona kinamshtua, anakanyaga breki, nyuma wanampigia honi. Dereva mzoefu ameshatazama kioo cha kushoto, cha kulia, cha ndani, kisha cha kushoto tena, kabla nafasi haijatokea. Ikitokea, haangalii tena, anaingia. Abiria wanasema ana macho kisogoni. Hana, ana picha aliyoipiga sekunde moja iliyopita. Na kwa nini atazame kioo kilekile mara mbili? Kwa sababu picha inachacha. Pale palipokuwa wazi sasa hivi kuna bodaboda. Kutazama mara moja kwa muda mrefu hakusaidii kama kutazama mara nyingi kwa kifupi, na kila mtazamo mpya hauonyeshi tu nani yuko wapi, unaonyesha nani anasogea kuelekea wapi.

Ndivyo ilivyo kwa kiungo. Mpira ukiwa miguuni, macho yanalazimika kushuka chini, na beki wa timu pinzani hasubiri. Kwa hiyo uamuzi wa pasi inayotushangaza ulishafanyika mpira ukiwa bado njiani. Winga hahitaji sana hayo, maana mstari wa pembeni unamlinda upande mmoja na hakuna adui atakayetokea huko. Straika wa kati mara nyingi goli liko nyuma yake na anajua liliko, halihami. Mtu wa katikati ndiye anayeweza kuvamiwa kutoka pande zote. Anatazama zaidi kwa sababu amewekwa mahali pabaya, wala si lazima awe amezaliwa na akili nyingi.

Hapo ndipo "akili ya kiungo" inapoingia doa. Utafiti mwingine wa Jordet na wenzake, uliotoka 2020 ukiwahusu wachezaji 27 wa Arsenal, ulikuta kwamba kutazama mara nyingi kunaendana na pasi kufika, lakini uhusiano wenyewe ni mdogo. Presha ya mpinzani ikikaza, mchezaji hutazama mara chache kuliko kawaida. Sasa je, pasi ilipotea kwa sababu hakutazama, au hakutazama kwa sababu alikuwa amebanwa na pasi ingepotea tu? Kuvitenganisha hivyo viwili ni kazi ngumu.

Kutoka hapo hadi ukocha ni mruko mrefu zaidi, na wachezaji haohao wa Jordet wanauonyesha urefu wake. Xavi, bingwa wa kugeuza shingo, aliipa Barcelona ubingwa wa Hispania 2023, akaondoka mwaka uliofuata. Gerrard aliwapa Rangers ubingwa wa Scotland bila kupoteza mechi, msimu wa 2020/21, kisha Aston Villa wakamtimua Oktoba 2022. Lampard alitimuliwa Chelsea Januari 2021. Aliyechukua nafasi yake ni Tuchel, yule beki, ambaye goti lilimstaafisha akiwa na miaka 25. Mei mwaka huohuo, kwa kikosi kilekile, Chelsea walikuwa mabingwa wa Ulaya.

Mimi naona maelezo yenye nguvu zaidi ni nani alikufundisha, ingawa nayo hayana mizani ya kuyapima. Guardiola, kiungo mwembamba asiye na mbio, alikulia Barcelona mikononi mwa kocha Johan Cruyff, na katika fainali ya Kombe la Ulaya ya 1992 dhidi ya Sampdoria alikuwa na miaka 21. Ancelotti alipomaliza kucheza alikwenda kuwa msaidizi wa Sacchi timu ya taifa ya Italia, Kombe la Dunia 1994. Arteta alikaa benchi na Guardiola zaidi ya miaka mitatu kabla ya kupewa Arsenal, Desemba 2019. Xabi Alonso, kiungo mwingine, aliyeipa Bayer Leverkusen ubingwa wao wa kwanza wa Ujerumani 2024 bila kufungwa hata mechi moja ya ligi, aliwahi kuchezeshwa na Benítez, Mourinho, Ancelotti na Guardiola. Kocha huwa anaongea zaidi na mtu wa katikati, kwa sababu maelekezo hupitia kwake. Miaka kumi ya kuongeleshwa na watu wa aina hiyo ni shule, shingo igeuke isigeuke.

Kuna kichekesho kimoja hapo. Siku kiungo anapokuwa kocha, anapangiwa kusimama mstari wa pembeni, usawa wa nyasi, mahali ambapo upande wa mbali wa uwanja unaonekana kwa taabu. Mtu aliyezoea kuzungukwa na mchezo anauangalia kama winga. Ndiyo maana timu kubwa huweka wachambuzi jukwaani juu, na tangu 2018 sheria za soka zinaruhusu wawatumie makocha walio benchi taarifa kwa vifaa vidogo vya mkononi.