Je, wajua kwa nini pikapu za mbio za dragi hufungwa rimu ndogo nyuma?

Ukiitazama pikapu iliyoandaliwa kwa mbio za dragi kule Marekani, kuna jambo litakalokushangaza hata kama wewe si mpenzi wa magari. Mbele ina rimu kubwa za inchi 18 au 20, kama ilivyotoka kiwandani. Nyuma, kwenye ekseli ile inayosukuma gari, mwenyewe ameng'oa rimu za aina hiyo na kufunga ndogo za inchi 15 au 16, zimezungukwa na mpira mnene. Mtu angetarajia kinyume chake, kwamba penye nguvu nyingi pangefungwa rimu kubwa zaidi.

Mbio za dragi ni za mstari ulionyooka. Magari mawili husimama sambamba, taa ya kijani huwaka, na atakayetangulia kufika mwisho ndiye mshindi. Umbali wa jadi ni robo maili, yaani mita 402. Chama kikubwa cha mchezo huu, NHRA, kilianzishwa na Wally Parks huko California mwaka 1951. Pikapu nazo si wageni humo. Kuanzia 1998 hadi 2000 chama hicho kilikuwa na daraja lao maalumu, Pro Stock Truck.

Jibu linaanzia kwenye udhaifu mmoja wa pikapu. Gari hili limeundwa kubeba mzigo, na mzigo usipokuwepo sehemu ya nyuma inabaki nyepesi. Injini, giaboksi na kabini vyote viko mbele. Chukua Ford F-150 Lightning ya mwaka 2001, pikapu ya injini ya V8 ya lita 5.4 yenye supachaja, yaani kifaa kinachosukumia injini hewa zaidi. Ina hospawa 380 na toki, yaani nguvu ya kuzungusha, ya Nm 610. Gia ya kwanza huizidisha toki hiyo mara 2.71, kisha difu, yaani gia za kwenye ekseli ya nyuma, huizidisha tena mara 3.73. Piga hesabu hadi pale tairi linapogusa lami, utapata msukumo wa takriban kilo 1,700. Hata ukitoa kinachopotea njiani kwa msuguano wa gia, hazipungui kilo 1,400.

Sasa tazama upande wa pili. Gari zima lina uzito wa kilo 2,100 hivi, na ekseli ya nyuma inabeba chini ya nusu yake. Tairi zuri la barabarani kwenye lami kavu huweza kusukuma kwa nguvu inayokaribia uzito ulioliegemea, si zaidi sana. Ni kweli kwamba gari likiondoka kwa nguvu pua huinuka na sehemu ya uzito huhamia nyuma, lakini hiyo haizibi pengo lote. Dereva akikanyaga mafuta mpaka mwisho, matairi yanazunguka bure, moshi unafuka, na mwenzake wa upande wa pili ameshaondoka.

Kwa hiyo pikapu ya namna hii haina njaa ya nguvu. Inakosa mshiko, na mshiko unatoka kwenye mpira, wala si kwenye chuma cha rimu. Naona hapa ndipo wengi wanapoelewa vibaya: wanadhani gurudumu limefanywa dogo, kumbe kilichopunguzwa ni chuma tu ili nafasi ipatikane ya kuweka mpira.

Vipimo vinaonyesha wazi. Lightning hiyo ilitoka kiwandani na tairi la 295/45, yaani upana wa milimita 295 na ubavu wa asilimia 45 ya upana huo, kwenye rimu ya inchi 18. Ubavu wa tairi hilo, yaani kutoka ukingo wa rimu hadi sehemu inayokanyaga, ni milimita 133, na kimo chake chote ni milimita 723. Tairi moja linalopendwa sana kwenye dragi ni la 275/60 kwenye rimu ya inchi 15. Kimo chake ni milimita 711, tofauti ambayo jicho haliioni. Lakini ubavu wake sasa ni milimita 165. Gurudumu limebaki karibu lilelile, ila mpira umeongezeka zaidi ya sentimita tatu kila upande.

Ubavu huo mrefu unafanya kazi mbili. Ya kwanza ni upepo. Tairi la barabarani hujazwa psi 32 au zaidi. Mwenye pikapu ya dragi hushusha mpaka kama psi 15 au 20, wakati mwingine chini ya hapo. Ukipunguza upepo kwa nusu, sehemu ya mpira inayolala juu ya lami inakaribia kuwa maradufu, na inaongezeka zaidi kwa urefu kuliko kwa upana. Ukifanya hivyo kwa tairi lenye ubavu mfupi, ukingo wa rimu unakaribia kugonga lami na tairi lenyewe linakuwa gumu kukunjika. Ubavu mrefu unalala vizuri.

Kazi ya pili ndiyo inayopendeza kuitazama. Ukiona video ya mwendo wa polepole ya gari la dragi likiondoka, utaona rimu inaanza kuzunguka kabla ya sehemu ya tairi iliyo juu ya lami kusogea. Ubavu unajikunja, unafanya mikunjo kama kitambaa kinachokamuliwa, halafu unajikunjua na gari linachomoka. Kishindo cha injini hakifiki kwenye lami kwa mkupuo. Mpira unakimeza kwanza na kukiachia kidogokidogo. Matairi yasiyo na kashata, yaliyo kipara tangu kiwandani, ndiyo hujikunja zaidi ya yote. Hata yale magari makali kuliko yote, ya daraja la Top Fuel, hutumia rimu ya inchi 16 tu ndani ya tairi lenye kimo cha inchi 36, na upepo wake hauzidi psi 10.

Nguvu hiyo ina shida yake: rimu inaweza kuzunguka ndani ya tairi. Ndiyo maana baadhi ya wenye magari haya hupitisha skrubu kwenye ukingo wa rimu ili zishike mpira. Na kuna njia rahisi ya kukagua: chora mstari mmoja wa chaki kutoka kwenye rimu hadi kwenye tairi. Baada ya kukimbia, mstari ukiwa umekatika na vipande viwili havitazamani tena, tairi limeteleza kwenye rimu.

Vipi sasa mtu akiamua kufunga tairi ambalo kimo chake chote ni kifupi? Hapo anaingia kwenye suala la gia. Tairi la milimita 660 badala ya 711 huongeza msukumo kwa karibu asilimia 8, kana kwamba umebadilisha krauni na pinioni, yaani magurudumu ya meno ya difu. Lakini tumeshaona kwamba mwanzoni msukumo tayari umezidi, na mwishoni injini inazunguka haraka zaidi. Kwa difu ya 3.73 na gia isiyozidisha kitu, pikapu hiyo ikiwa kwenye kilomita 160 kwa saa, injini inapanda kutoka mizunguko 4,450 hivi kwa dakika hadi karibu 4,800. Mimi ningependelea mtu anayetaka gia abadilishe difu, na tairi aliache litafute mshiko.

Kabla ya kununua chochote, kinachopimwa kwanza ni breki. Diski na kalipa za pikapu za kisasa ni kubwa, na rimu ya inchi 15 mara nyingi haiingii kabisa, hivyo wengi huishia kwenye 16 au 17. Mbele, ambako breki huwa kazini zaidi na hakuna msukumo, rimu za kiwandani huachwa. Halafu hesabu matundu ya nati: F-150 ya miaka hiyo ina matano kwenye duara la milimita 135, wakati Hilux tunazozijua huku kwetu kwa kawaida zina sita kwenye duara la milimita 139.7.

Na kwa kuwa pikapu nyingi za huku ni za magurudumu manne, jambo hili ni la kushikilia: matairi ya mbele na nyuma yakitofautiana kimo, usiingize gia ya magurudumu manne kwenye lami kavu. Ekseli mbili zitalazimishwa kuzunguka kwa mwendo mmoja huku matairi yakidai miendo miwili, na transfakesi, yaani sanduku la gia linalogawa nguvu mbele na nyuma, inaweza kuvunjika.