Mödlareuth: kijiji cha watu 50 kilichokuwa na ukuta wake, na uongo unaozunguka kukihusu

Ukitaja ukuta wa Ujerumani akili ya kila mtu inakimbilia Berlin, ndo maana watu wanashangaa wakisikia kuna kijiji cha watu kama 50 tu, yaani hata timu tatu za mpira zenye akiba huzipati, na chenyewe kilikuwa na ukuta wa zege katikati. Kinaitwa Mödlareuth. Kiko jirani na mji wa Hof, nusu yake ni jimbo la Bavaria, nusu ni Thuringia, na katikati kinapita kijito kinaitwa Tannbach ambacho mtu mzima anakiruka bila hata kukunja suruali. Wanajeshi wa Marekani walikibatiza Berlin Ndogo. Shida ni kwamba jina hilo limefanya watu wabebe stori za Berlin kubwa na kuzimwaga zote hapa.

Ya kwanza inayosikika sana: eti ukuta wa Berlin ndo ulikuwa mpaka wa Ujerumani mbili. Hapana jamani, angalia ramani. Berlin yote ilikuwa ndani kabisa ya Ujerumani Mashariki (hii hii iliyosaidia kujenga magorofa ya Kikwajuni kule Unguja), na Berlin Magharibi ilikuwa kama kisiwa, ukuta ukaizunguka pande zote. Mpaka wenyewe wa nchi mbili ulikuwa wa karibu kilomita 1,400, unaanzia Bahari ya Baltiki unashuka hadi kwenye kona ya Czechoslovakia, na sehemu kubwa haikuwa ukuta hata kidogo, ni uzio wa chuma, minara ya walinzi, mbwa, na ukanda wa udongo uliolimwa laini ili ukipita nyayo zako zionekane. Halafu kulikuwa na mabomu ya ardhini mpaka miaka ya 80 katikati, kitu ambacho Berlin hakikuwepo. Ukuta wa zege uliwekwa pale nyumba zilipobanana na mpaka, ili hata kuonana watu wasionane. Mödlareuth iko karibu na mwisho wa kusini wa mstari huo wote.

Halafu kuna wale wanaosema Warusi ndo walikikata kijiji vipande viwili mwaka 1945. Mstari ulikuwepo zamani sana! Mwaka 1810, Bavaria ilipolichukua eneo la Bayreuth kutoka kwa Napoleon, waliweka mawe ya mpaka kando ya Tannbach, upande mmoja ufalme wa Bavaria, upande wa pili watawala wadogo wa Reuss. Na hakuna aliyejali. Watoto wa pande zote walisoma shule moja iliyokuwa upande wa Thuringia, baa nayo ilikuwa huko huko, Jumapili wote wanaongozana kwenda kanisani Töpen, ambayo ni Bavaria. Watu wanaoana, wanalima mashamba ya ng'ambo, maisha yanaenda. Baada ya vita ndo wakubwa wakachukua mistari ya zamani ya majimbo wakaifanya mipaka ya kanda zao, Wamarekani huku, Wasovieti kule, na mwaka 1949 kijito cha kuchezea bata kikawa mpaka wa nchi mbili zisizoelewana.

Na hapa watu wanarukia moja kwa moja 1961, mwaka ukuta wa Berlin ulipojengwa. Kwa kijiji hiki mwaka mchungu ni 1952, Mei, pale Ujerumani Mashariki ilipotangaza ukanda wa kilomita 5 wa kuingia kwa kibali, ndani yake mita 500 zenye masharti makali zaidi, na ukanda wa mita 10 pembeni kabisa ya mpaka. Familia zilizoonekana haziaminiki zilihamishwa kwa nguvu mwezi uliofuata, huko mpakani kote. Mödlareuth ukaja uzio wa mbao, baadaye seng'enge, na ukuta wa zege wenyewe ni wa 1966: urefu mita 700 hivi, kimo mita 3.3.

Serikali ya Mashariki ilikuwa inasema yote haya ni kinga dhidi ya mafashisti wa Magharibi, na mpaka leo kuna watu wanalirudia hili. Sasa niambie, kinga gani ambayo mtu wa Magharibi anaweza kuja hadi kwenye kijito, akapiga picha akaondoka (George Bush mkubwa alikuja 1983 akiwa makamu wa rais), ila bibi anayekaa upande wa pili haruhusiwi kumpungia mkono ndugu yake? Kupunga mkono tu! Kusalimia ng'ambo ilikuwa marufuku, upande wa Magharibi wanapunga, wa Mashariki anainama anaendelea na kazi zake. Kuanzia 1973 watu wa Magharibi waliokaa karibu na mpaka waliruhusiwa kutembelea wilaya za jirani za Mashariki, lakini ule ukanda wa vibali haukuhusika, kwa hiyo unaweza ukazunguka kote huko na bado usifike kwenye nyumba unayoiona kutoka dirishani kwako. Mwaka huo huo jamaa mmoja wa Mashariki alifanikiwa kuuruka ukuta wa Mödlareuth, kwa gari na ngazi.

Eti usiku wa Novemba 9, 1989 kila kitu kilianguka. Berlin sawa. Mödlareuth walisubiri mwezi mzima, kinjia cha waenda kwa miguu kilifunguliwa Desemba 9, na tingatinga lilikuja kuubomoa ukuta Juni 17, 1990. Hata hivyo haukubomolewa wote, kipande kiliachwa na mnara wa walinzi, sasa ni makumbusho.

Ya mwisho ndo inayonichekesha: kwamba baada ya kuungana Ujerumani kijiji nacho kimekuwa kimoja. Wapi! Mpaka wa Tannbach upo vile vile, umerudi tu kuwa mpaka wa majimbo kama ulivyokuwa. Upande wa Bavaria uko chini ya Töpen, wa Thuringia chini ya mji wa Gefell, mameya wawili, namba za posta mbili, 95183 na 07926, magari haya yana HO (Hof) kwenye pleti na yale SOK (wilaya ya Saale-Orla). Oktoba 31 Thuringia ni sikukuu ya Matengenezo ya Kanisa wamelala, Bavaria wanaenda kazini, kesho yake Novemba 1 ni Watakatifu Wote, Bavaria wanalala na ng'ambo ya kijito majirani wanaamka na alarm.