Swichi mpya ya drili: fuata kazi ya waya, achana na rangi

Korosho zikishauzwa, watu wa Mtwara huanza kujenga, na drili zilizolala tangu mwaka jana zinaanza kumiminika kwenye meza yangu hapa Chikongola. Malalamiko ni mawili. Mmoja atasema, "Fundi, hii ukiigusa tu inakimbia, haina polepole." Mwingine yake ni bubu mpaka abonyeze hadi mwisho, ndipo inashtuka kwa kasi yote. Nazungumzia drili za waya. Za betri zina habari yake.

Kinachopunguza kasi ndani ya swichi ni kipande kidogo kinaitwa traiaki. Umeme wetu ni wa hezi 50, yaani una nusu-mawimbi 100 kila sekunde, na katika kila nusu traiaki inachelewa kidogo kabla ya kuupitisha. Unavyozidi kubonyeza, ndivyo inavyowahi. Ikiungua na kushikana, umeme unapita wote muda wote: hiyo ndiyo drili ya yule wa kwanza. Ikiungua na kukatika, inabaki ile kontakti ya mwisho ambayo swichi nyingi huwa nayo ya kuiruka traiaki, na hiyo ndiyo ya pili. Zinaua swichi vumbi la saruji, chumvi ya bahari, na zaidi ya vyote tabia ya kukorogea rangi kwa mwendo mdogo. Mota inabeba mzigo mzito, inavuta ampea nyingi, na feni yake inazunguka taratibu mno kuweza kuipoza.

Kabla ya kununua swichi, toa kaboni (vile vipande viwili vinavyogusa sehemu ya mota inayozunguka na kuipelekea umeme) uzitazame. Zikiwa fupi, badilisha zote mbili kwa pamoja. Nimeona swichi nzima zikitupwa kwa kosa la kaboni.

Sasa kwenye kufunga. Chomoa plagi, fungua ganda, piga picha za kutosha kwa simu. Lakini ujue picha itakusaidia nusu tu, kwa sababu swichi utakayopata dukani mara nyingi matundu yake yamepangwa tofauti. Rangi nazo haziaminiki. Drili mbili zinazofanana kwa nje zinaweza kuwa na waya za rangi tofauti ndani. Jiulize kila waya unafanya kazi gani. Kwenye drili nyingi zenye rivasi, yaani zinazoweza kuzunguka kinyume, waya ni za makundi matatu: mbili za umeme unaoingia, za koili za fildi (zile zisizozunguka) ambazo ni mbili kila upande, na mbili za kaboni. Umeme unapita fildi moja, unaingia kwenye amecha, ile sehemu inayozunguka, kupitia kaboni, unatoka na kupita fildi ya pili. Rivasi haigusi fildi kabisa; inabadilishana waya za kaboni tu.

Mita itakuonyesha makundi hayo. Koili za fildi zinasoma omu chache, na zote mbili zilingane. Kwenye swichi mpya, tafuta matundu manne ya rivasi: ukisukuma kitufe cha kubadili mwelekeo kushoto yanaungana mawili mawili, ukikisukuma kulia yanabadilishana wenza. Hizo ni kontakti za shaba tupu, mita inazisoma bila shida. Upande wa kasi usiuhukumu kwa mita, maana betri yake haina nguvu ya kuiamsha traiaki. Ukibonyeza nusu itakwambia imekatika hata kama swichi ni mpya kabisa. Ibonyeze mpaka mwisho ndipo usome.

Matundu ya kuchomeka yanaachia waya ukiingiza sindano pembeni. Usivute kwa nguvu. Kwa matundu hayo ncha ya waya napaka risasi ya kuchomelea kidogo ili iingie imara. Kwa ya skrubu sipaki, kwani risasi inalegea na joto, na waya uliolegea ndio unaoyeyusha swichi. Kile kibana waya pale waya wa umeme unapoingia kirudishe. Drili hizi hazina waya wa ethi, alama yake ni mraba ndani ya mraba, kwa hiyo insulesheni na ganda ndivyo vinavyomlinda mtumiaji. Ukifunga ganda, hakikisha hakuna waya uliobanwa.

Usiichomeke moja kwa moja ukutani. Mimi naunga balbu ya zamani ya uzi (si ya LED) ya wati 100 kwa mfululizo na drili, yaani umeme unapita kwenye balbu ndipo ufike kwenye drili. Balbu ikiwaka kwa nguvu huku mota inanguruma bila kuzunguka, fildi imepelekwa kwenye umeme bila kupitia amecha; rudi kwenye mita. Ikizunguka lakini kinyume na mshale, badilisha waya mbili za kaboni. Ikizunguka vizuri, toa balbu na ujaribu kasi zote, halafu rivasi mota ikiwa imesimama kabisa. Cheche zikizunguka duara zima kwenye komyuteta (ile sehemu ya shaba ya amecha inayoguswa na kaboni), swichi haina hatia: amecha ndiyo imekwisha, na mwambie mteja bei ya amecha kabla hujaendelea.